Jibu Moja kwa Kila Anayeuliza

Miezi yangu ya mwanzo Same, wauza nyanya wa sokoni waliwatambua wagonjwa wangu kwa sababu sikuwa nawasalimu.

Nilifika pale nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi, muuguzi wa afya ya akili mwenye cheti kipya na kichwa kisichopumzika. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango wa ofisi nilirudi kuutikisa, kisha njiani nikaanza kujiuliza kama kwa kuutikisa sikuufungua. Chuoni tulifundishwa kwamba habari za mgonjwa ni siri, nami nikalibeba neno hilo kama mtu aliyepakata trei ya mayai kwenye barabara ya mawe ya kupanda Chome. Nikawaza: nikimsalimu mgonjwa wangu sokoni, watu watajiuliza tumejuana wapi, na jibu watalipata upesi. Basi nikimwona mgonjwa nageuza shingo, naangalia vitunguu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mkitokea mikoa mingine huenda hamjui salamu zilivyo Upareni. Mtu hapitwi. Unaulizia nyumbani, watoto, mvua, tangawizi shambani, halafu unarudi tena nyumbani kana kwamba hukuuliza mwanzo. Kumpita mtu kimya ni kumtangazia ugomvi. Na mimi niliwasalimu wote pale sokoni, hadi abiria wa mabasi ya kupita, isipokuwa watu wale wachache. Haikuchukua muda. Mama mmoja wa nyanya akamwambia mwenzake, nami niko hatua mbili tu kutoka kwao, "Huyo naye ni wa kwake. Hukuona alivyomkwepa?"

Nilirudi kliniki jasho linanitoka, nikamweleza Sista Naetwe. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wetu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Kighare, kule Ugweno, mama mnene mwenye sauti ya chini. Wapare wa kusini walimtania kwamba Kigweno chake ni Kichaga kilichopotea njia, naye aliwajibu kwamba aliyepotea njia ndiye anayejua vichochoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake cha chai mezani ili acheke vizuri.

"Mdogo wangu," akasema, "salimu wote. Hiyo ya kuchagua ndiyo inayosema."

Kisha akanipa dawa ambayo niliitumia hadi siku niliyostaafu. Mgonjwa akija mara ya kwanza, kabla hajaondoka, muulize: tukikutana nje ya hapa, unapenda tuweje? Mtashangaa majibu. Mmoja aliniambia nimsalimie kwa sauti, hana deni na mtu. Mama mmoja alitaka nimsalimie kama mteja wa maandazi yake, na kweli ikabidi niwe mteja. Mfanyabiashara mmoja wa dukani barabara kuu aliniambia nimpe salamu zote za kawaida ila nisimuulize "unaendeleaje", kwa sababu neno hilo nikilitamka mimi, hata mchana kweupe, anajiona yuko kwenye kiti cha kliniki. Nisingeweza kuyawaza hayo peke yangu, na msidhani sikujaribu kuwaza.

Kazi yetu ina watu wengi wanaouliza, na wengi wao hawana ubaya. Dereva wa Landrova yetu, tulipokuwa tunapanda milimani kwenye kliniki za vijijini, alipenda kuniuliza, "Yule kijana wa koti la bluu, kwani tatizo lake hasa ni nini?" Alikuwa mtu mwema, aliyewahi kumbeba mgonjwa mgongoni kwenye tope. Nilikuwa naona aibu kumnyima. Sista Naetwe akaniambia nijiulize swali moja tu kila mtu anapotaka habari: anataka kuijua ili afanye nini? Mtoa dawa anataka ili asichanganye dawa mbili zinazogombana, mpe. Daktari wa Moshi anayempokea mgonjwa anataka ili aendelee pale ulipoishia. Mpe, tena kamili. Mama anayeishi na mgonjwa, na mgonjwa amekubali, anahitaji kujua kidonge ni asubuhi au jioni na dalili gani zikirudi awahi; mpe hayo. Lakini yale ambayo mwanawe aliyasema juu yake akiwa kwenye kiti chako, hayo hayampi mama kazi yoyote ya kufanya, yanampa kidonda tu. Na dereva anataka kujua ili asichoke na safari. Basi mpigie hadithi nyingine.

Askari akija kaunta akauliza kwa mdomo, mkaribishe kiti, umwambie utaratibu upo. Mahakama ikitoa amri, utatoa kilichoamriwa, hapohapo penye amri, usimwage debe zima.

Ipo siku moja ya kufungua mdomo bila ridhaa, nayo mnapaswa kuijua vizuri kuliko zote. Kijana mmoja wa mlimani alituambia kwamba kaka yake anaiba zamu yake ya maji kwenye ndiva, lile bwawa ambalo wakulima hukusanya maji ya kumwagilia na kuyagawana kwa zamu, na kwamba safari hii atamkata. Alitaja panga liko wapi. Hakuwa anatania, na akili yake siku ile ilikuwa inamwambia mengine mabaya zaidi. Mimi nikaanza kuwaza siri, siri, siri. Sista Naetwe hakuwaza hata kidogo. Alimgeukia kijana mwenyewe kwanza, akamwambia kwa upole kwamba hili hatutalikalia, tutamwambia kaka yake na mwenyekiti wa kijiji, na yeye tutabaki naye mpaka atulie. Ndivyo ilivyofanyika. Kaka mtu aliambiwa asikanyage ndiva na aondoe mapanga nyumbani. Akauliza mdogo wake anaumwa nini.

"Nimekuambia la kukuokoa," Sista akamjibu. "La kukuridhisha sina."

Wote wawili wako hai, na siku hizi nasikia wanagombania mpaka wa shamba, kama ndugu wengine wote wenye afya.

Nayasema haya kwa haraka kwa sababu mengi mtayasoma. Lililonifundisha zaidi ni habari ya Namkunda, nayo haikuwa na panga wala polisi.

Namkunda si jina lake, na kijiji chake nitakiacha bila jina. Upande ule wa msitu wa Shengena vijiji ni vingi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mshonaji nguo, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na kila mwezi alishuka Same kuchukua dawa kwetu. Aliumwa nini? Hilo halimo katika niliyoruhusiwa kusema. Mjue tu kwamba kipindi kile alikuwa mzima kiasi cha kushona sare za shule nzima na kuchumbiwa na Mbazi, fundi seremala wa kijiji jirani.

Mimi nilizaliwa Kifaru, tambarare, ambako watu wamechanganyika na mshenga hutumwa kama tarishi tu. Kule juu sivyo. Kijana haoi msichana, anaoa nyumba. Kabla ya posa kupokelewa, mshenga hupita akiulizia nyumba ile: ina kifafa, ina wendawazimu, ina ugomvi, ina uvivu? Huulizia kwa majirani, kwa mchungaji, kwa mwenye mashine ya kusaga. Na siku moja mshenga wa kina Mbazi alikuja kuulizia kwangu.

Aliitwa Mzee Eliapenda, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, mwenye kofia aliyoivua na kuivaa kulingana na uzito wa jambo. Alikuja na fungu la tangawizi limefungwa kwenye jani la mgomba. Nikampa shikamoo yake, akaitika marahaba, tukaenda nyumbani, watoto, mvua, barabara, tukarudi nyumbani. Kisha akavua kofia.

Alisema amesikia kwamba kuna binti kule juu aitwaye Namkunda, wa nyumba fulani, na kwamba wao wana nia njema na nyumba ile. Asingependa kusikia maneno ya mitaani. Angependa kusikia kwa mtu aliyesoma. Je, binti yule amewahi kufika hapa?

Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi sisemi nani anatibiwa hapa na nani hatibiwi, awe nani.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo. Akasogeza kiti. Akaniuliza juu ya Neema, binti yake mwenyewe aliyeolewa Moshi. Je, yeye amewahi kufika hapa?

Vijana, hapo ndipo ualimu wake ulipotokeza. Neema sikuwahi kumtia machoni. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema hapana, tena kwa furaha, maana nilikuwa nimechoka kumnyima mzee kila kitu na tangawizi yake iko mezani. Lakini nikawaza, na kwa mara hiyo moja kuwaza kukanisaidia. Nikisema hapana kwa Neema, nimeshasema ndiyo kwa Namkunda. Mtego ulikuwa hapo wazi kama ndoana bila chambo. Nikamjibu neno kwa neno kama nilivyojibu mwanzo: sisemi nani anatibiwa hapa na nani hatibiwi, awe nani.

Mzee akacheka. Alinisifu kwamba nimefundishwa. Kisha akavaa kofia, akasimama, akanishika bega.

"Ila mwanangu, wewe ni mtu wa tambarare," akasema. "Kwetu mtu akiulizwa habari za nyumba na asiisifu, ameshajibu."

Akaniachia tangawizi, akaenda zake.

Nilikaa pale nikiitazama. Nilikuwa nimejibu sawasawa kama kitabu kinavyotaka, na nyumba ya Namkunda ilikuwa imeharibiwa jina papo hapo, kwa jibu hilohilo. Ningemsifu, ningekuwa nimesema namjua. Ningemfuata mzee njiani nikamwambia yule binti hana neno, anakunywa dawa vizuri kuliko wewe unavyokunywa chai, ningekuwa nimefungua kile nilichoapa kukifunga. Kila nilipogeuka palikuwa na ukuta. Usingizi wangu wa majuma yale sitaki hata kuuzungumzia.

Namkunda alishuka siku yake ya dawa. Akakaa, akaweka mkoba wake magotini, akaniambia kwamba washenga hawajarudi. Mama yake ameanza kuwauliza wapita njia kama kuna msiba upande wa pili. Mbazi anakuja peke yake, anakaa mlangoni, hasemi. Kisha akaniuliza nimewaambia nini.

"Sijawaambia kitu," nikasema.

"Hicho ndicho walichosikia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Nilimweleza yote, jinsi mzee alivyouliza, jinsi nilivyojibu, na kuhusu Neema. Hapo kwenye Neema alitabasamu kidogo, akasema Mzee Eliapenda alimfundisha hesabu darasa la nne na hivyo ndivyo alivyokuwa akiwakamata wanaonakili.

Alipotoka nilikwenda kwa Sista Naetwe. Yeye alikuwa anamtibu Namkunda pamoja nami, kwa hiyo lilikuwa jambo lake pia. Nikamwaga mawazo yangu yote mezani: kwamba huenda tutafute mchungaji aseme neno zuri, huenda tumwandikie mzee barua isiyotaja jina, huenda tuitishe semina kijijini kuhusu afya ya akili ili mzee asikie bila kuambiwa. Ile ya semina niliipenda sana. Sista alinisikiliza akimenya chungwa.

"Habari hizi ni za nani?" akauliza.

Nikasema ni za Namkunda.

"Basi mwenye mali yuko hai na mdomo anao. Mbona unafanya vikao vyake bila yeye?"

Mwezi uliofuata Namkunda alipokuja, nilimuuliza anataka nini. Niliuliza kwa uangalifu mno, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi mwingine: ruhusa ya mtu anayeogopa kuachwa ni ruhusa kweli? Nikamwambia anaweza kunyamaza, nasi tutanyamaza naye. Anaweza kumwambia Mbazi peke yake. Anaweza kusema kidogo na kubakiza. Anaweza kukubali leo na kukataa kesho, hata katikati ya sentensi, na hakuna atakayemuuliza sababu. Nilizunguka hivyo mpaka akaniinulia kiganja.

Akasema Mbazi anajua. Alimwambia mwenyewe kabla hata hawajaanza kushikana mikono, wakitoka mazoezi ya kwaya, na Mbazi alimuuliza swali moja tu, kama dawa zile zinahitaji chakula. Tatizo lake lilikuwa wazee. Alichoka kuwa habari inayoulizwa kwa watu wengine. Alitaka waje nyumbani kwao awaambie mwenyewe, na alitaka mimi niwepo.

"Nije kusema nini?" nikauliza.

"Uje ukae. Nikikuambia sema, sema."

Tukayaweka kwenye karatasi, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo na Sista alitaka hivyo: kwamba ninaweza kuthibitisha kuwa ametibiwa kwetu, kwamba anatumia dawa, kwamba anafanya kazi zake vizuri. Kuhusu mwaka aliougua, yaliyotokea na aliyoyasema, hakuna ruhusa. Akasoma mara mbili, akaweka sahihi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya jua kali na upepo. Baba yake Namkunda alikuwa ametandika viti uani karibu na migomba, soda zimepangwa kwenye beseni la maji. Mzee Eliapenda alikuja pamoja na shangazi yake Mbazi, Mama Nakiete, mwanamke mwembamba aliyetazama kila kitu kana kwamba atakuja kukinunua. Mbazi mwenyewe hakuruhusiwa kukaa na wazee. Alikuwa nyuma ya nyumba akijifanya anatengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa na tatizo lolote. Salamu zikaenda zikarudi. Walipomwona mtu wa kliniki amekaa pale, Mama Nakiete akamtazama mshenga, mshenga akatazama soda yake.

Namkunda alitoka ndani akiwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Akawapa shikamoo mmoja mmoja. Kisha hakukaa.

"Mzee wangu, na wewe shangazi," akasema, "nimesikia mnauliza habari zangu. Niliumwa. Ugonjwa wa akili. Nikatibiwa, na bado natumia dawa. Nikiziacha nitaumwa tena, kama wewe mzee unavyoumwa ukiacha zako za presha."

Kofia ya mzee ikatoka kichwani.

"Nani amekuambia mimi nina presha?"

Watu wote uani wakanigeukia mimi. Naapa, sikuwahi kumtibu yule mzee hata kidole, lakini nilijiona mwizi.

"Ulituambia mwenyewe, baba," Namkunda akasema. "Kanisani, ulipoomba tukuombee."

Baba yake akakohoa ndani ya soda yake. Mama Nakiete akauma ukingo wa kitenge. Mzee akafikiri, akakumbuka, akairudisha kofia pole pole.

"Ni kweli," akasema. "Niliomba."

Akanigeukia rasmi, kama mwalimu anayemwita mwanafunzi ubaoni, akaniuliza kama asemayo binti huyu ni kweli. Nilimtazama Namkunda. Akaniambia niseme. Nikasema ni kweli, ametibiwa kwetu, anatumia dawa, na kazi zake anazifanya vizuri. Sentensi moja. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima ndani ya Landrova, hata dereva akaniuliza naongea na nani.

Mama Nakiete akauliza juu ya watoto, kama ugonjwa utawafuata. Nikamtazama tena Namkunda, ingawa lilikuwa swali la elimu tu ambalo ningeweza kumjibu mtu yeyote barabarani. Akasema hilo nimjibu shangazi. Nikaeleza kwamba magonjwa haya hupita katika nyumba nyingi, zikiwemo zisizojua. Kwamba mtoto wa mzazi aliyeugua anaweza kuugua, na walio wengi hawaugui. Kwamba jambo kubwa ni kuwahi. Mama Nakiete alisikiliza vizuri. Kisha akaegemea mbele.

"Na ule mwaka wenyewe," akasema, "alifanya nini? Maana tulisikia mengi."

Nikamtazama Namkunda mara ya tatu. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kisicho na mtu.

"Hilo hapana," akasema.

"Dakta?" Mama Nakiete akaniita, kama anayekata rufaa.

"Hapana, mama," nikasema.

Upepo ukapita kwenye migomba. Mama Nakiete akasema basi wanaficha, na nyumba inayoficha mwanzoni itaficha mpaka mwisho. Baba yake Namkunda akaanza kuinuka. Binti yake akamgusa begani, naye akakaa.

"Shangazi, kwako wewe mgeni anakaa wapi?"

"Sebuleni."

"Anaingia chumbani?"

"Aingie chumbani kwangu kutafuta nini?"

"Na mimi nimewaonyesha sebule yangu leo. Nimewaambia na chumba kipo. Humo hamwingii, wala Mbazi sijamwingiza kote."

Kule nyuma ya nyumba nyundo ilikuwa imenyamaza kitambo. Mama Nakiete akamtazama msichana yule kwa muda mrefu, kwa lile jicho lake la kununua. Sikuweza kusoma alichokiona. Mzee Eliapenda akasafisha koo, akasema wamesikia, na wamesikia kwa mwenyewe, jambo ambalo katika kuulizia kwake kote halijawahi kumtokea. Akasema watarudi kwao kuzungumza na wenzao. Waliposimama kuondoka, Mama Nakiete aliichukua soda yake ambayo hakuifungua, akaenda nayo.

Mimi nilishuka Same siku ileile nikiwa nimejaa maswali. Kuchukua soda ni vizuri au vibaya? Niliulizia hilo kwa dereva, bila kutaja ya nani, naye akasema inategemea ni soda gani.

Siku hizi mna kompyuta zenye nywila, na mna makundi ya simu ya wafanyakazi. Karibu na kustaafu kwangu kijana mmoja wa kwetu alituma kwenye kundi picha ya mgonjwa aliyevaa nguo za kuchekesha, uso ameufunika kwa alama. Aliamini ameficha. Lakini ukuta nyuma ulikuwa wa duka ambalo kila mtu wa mji ule analijua, na kanga ya yule mama inajulikana kuliko uso wake. Nilimuuliza tu, ulitaka tuijue ili tufanye nini? Akaifuta. Lakini simu za watu hazifutiki. Milima yetu ni midogo kuliko mnavyodhani, na mtu hutambulika kwa mwendo.

Kwa hiyo kabla ya kuwaandikia haya nilimtafuta Namkunda. Sikuwa nimemwona miaka mingi. Nilimpigia simu, nikamsomea yote niliyoandika, sentensi kwa sentensi, nikisimama kila mara kuuliza kama hapa pana shida, na hapa je, mpaka akaniambia sijabadilika hata kidogo. Alinitolea kijiji, akanibadilishia jina la shangazi, akaniongezea lile la kuku. Soda aliniambia niiache ibaki.

Kisha nikamuuliza kuhusu yaliyofuata, kwa sababu nilijua mtataka kujua: walirudi, hawakurudi, ikawaje.

"Ishia hapo waliposimama kuondoka," akasema. "Yaliyofuata ni yangu na Mbazi na watoto wetu."

Nikamwambia kwa upole kwamba hapo sasa ameshasema kila kitu.

Alicheka upande wa pili wa simu, na nyuma yake nikasikia randa inapita kwenye mbao.

"Mimi naruhusiwa," akasema. "Wewe ndiye huruhusiwi."